Kabla ya kumlaumu kuli, tazameni godoro limevaa nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mitungi ya gesi inayofika majumbani imebonyea na kupinda kitako ni matokeo ya uzembe wa makuli, na kwamba dawa yake ni kuwatoza faini. Barua ile nimeisoma, nikairudia. Aliyeiandika analijua vizuri jiko lake, ila nadhani hajawahi kusimama nyuma ya Fuso saa kumi na moja alfajiri mzigo ukishushwa.

Mimi ni mshonaji. Kibanda changu kiko Gerezani, upande wa wachomeleaji, na kazi yangu ni makava: siti za daladala, siti za bodaboda, maturubai ya kirikuu, na siku hizi makava ya magodoro ya kushushia mizigo. Kwa wasioyajua, haya ni mapande manene ya sponji yanayotandikwa chini nyuma ya gari ili pipa au mtungi usitue kwenye zege. Makuli wanayaita godoro tu, nami nitayaita hivyohivyo. Ninachotaka kusema ni kimoja. Godoro lisilo na kava halimalizi masika, na wa kulinunua kava hilo ni mwenye stoo. Kuli hahusiki, na utingo wa gari hahusiki.

Nianze na pipa la oili, maana mitungi ni wageni hapa mjini ukilinganisha na mapipa. Pipa la lita 200 likijaa linakaribia kilo 200. Hakuna watu wawili wanaolinyanyua. Linalazwa, linaviringishwa hadi ukingoni mwa bodi ya gari, linasukumwa. Tangu nikiwa msichana nimeliona likisukumwa juu ya tairi bovu. Tairi halina bei, halilowi likaharibika, wala hakuna mwizi anayelitaka, ndiyo maana liko kila mlango wa stoo kuanzia Gerezani hadi Buguruni. Lakini tairi linarudisha. Pipa likitua vibaya kidogo linarukia ubavuni, na ubavuni ndipo anaposimama mtu wa kulidaka lisikimbie. Mwombe kuli yeyote mzee wa Msimbazi apandishe suruali akuonyeshe miundi yake, halafu tuzungumze habari ya faini.

Sponji hairudishi hivyo. Inameza. Mpwa wangu anayesoma chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe alinipigia hesabu nyuma ya risiti, nikaielewa ingawa hesabu na mimi hatujawahi kuwa marafiki. Mzigo ukianguka kutoka urefu wa mita moja ukasimamishwa ndani ya sentimita moja tu, nguvu inayougonga ni kama mara mia ya uzito wake. Ukisimamishwa polepole ndani ya sentimita kumi, ni kama mara kumi. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiujumlisha na chuma chake unafika kama kilo 30. Kwa hiyo kwenye kitu kigumu unapata kipigo cha tani tatu, na zege ni gumu kuliko hapo. Kwenye godoro zima kipigo ni kilo mia tatu. Mtungi ni uleule, na kuli ni yuleyule aliyeandikwa gazetini kuwa mzembe.

Sasa ngoja niseme kwa nini godoro zima ni nadra kuliona.

La kwanza ni maji. Chukua godoro la kawaida la kushushia, urefu mita moja, upana sentimita 60, unene sentimita 20. Zidisha: ujazo wake ni lita 120. Sponji ni matundu matupu, na kila tundu linataka maji. Mvua ya Aprili ikilikuta nje likanywa nusu tu ya ujazo wake, umepata kilo 60 za maji kabla hujahesabu sponji yenyewe. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilisema mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Yaani kifaa cha kumpunguzia kuli mzigo kimekuwa mzigo uliovuka kipimo, na bado hajashusha hata mtungi mmoja. Anafanya nini? Analiacha pale lilipo, gari linasogea, mzigo unashukia zege. Ndiyo picha aliyoiona msomaji mwenzangu. (Na tukiwa kwenye mizani: Wakala wa Vipimo wanahangaika kila msimu na lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo, ili gunia lisizidi kilo 100, nasi tunashangilia. Kilo 100 mgongoni mwa mtu mmoja!)

Tena maji hayo yakishaingia hayatoki kirahisi. Godoro linachacha, linanuka, linaota ukungu. Mwenye stoo anakasirika na kusema magodoro hayafai, bora turudi kwenye tairi. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, watu wazima wenye akili zao, na godoro lenyewe walilinunua likiwa uchi.

Jua nalo halina huruma na sponji. Ile ya rangi ya maziwa ikianikwa Dar es Salaam inageuka njano, halafu kahawia, halafu ukiisugua kwa kidole inakuwa unga. Chini ya turubai sponji hiyohiyo inadumu, kwa kuwa mwanga hauifikii.

Lakini adui mkubwa, na hapa ndipo kava linapofanya kazi yake hasa, ni ukingo wa chuma. Pipa lina ukingo uliokunjwa juu na chini. Mtungi wa gesi una kitako, ile pete ya chuma unayosimamia. Vitu hivi havitui kwa tumbo, vinatua kwa makali. Kitako cha mtungi kikigonga sponji tupu kinaikata duara safi kama kopo linavyokata unga wa maandazi. Mara ya kwanza unaona alama. Mara ya kumi duara linanyofoka, limebaki shimo, na mtungi unaofuata ukiingia kwenye shimo lile unakuta zege linausubiri. Sponji haikushindwa na uzito, imekatwa. Kava zuri linachukua ule mkato na kuugawa, makali yakigonga turubai nene yanabonyeza eneo pana badala ya mstari mwembamba, na sponji iliyo chini inapata nafasi ya kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Wateja wengi wanakuja na wazo kwamba kava ni kava, nishone kama la kochi. Kochi na godoro la kushushia ni kazi mbili zinazopingana. Kava la kochi unalikata dogo kidogo kuliko sponji ili likae limebana, lipendeze. La kushushia ukilibana hivyo umeua kitu. Turubai lililovutwa likipigwa na pipa halina pa kwenda, linapasuka kwenye mshono. Mimi naacha nafasi, upana wa vidole viwili hivi kila upande. Isizidi hapo, maana mikunjo ikiwa mingi ukingo wa pipa unaukamata mkunjo na kuuchana, na miguu ya makuli nayo inajikwaa.

Halafu hewa. Hili wenzangu wengi wa cherehani hawalifikirii. Godoro limejaa hewa, na pipa likitua hewa yote hiyo inataka kutoka kwa mara moja. Ukiwa umeliziba kote kwa turubai lisilopitisha maji umetengeneza puto, na puto linapasukia mshononi. Kwa hiyo naweka vitundu vyenye pete za bati ubavuni, chini ya ulimi wa turubai unaoning'inia ili mvua isiingie. Juu siweki kitundu hata kimoja. Chini kwenye pembe naacha viwili vidogo vya kumwaga maji yatakayopenya, kwa sababu yatapenya tu, usijidanganye. Kava likipumua vizuri utalisikia. Mzigo ukitua linatoa pumzi ndefu, na makuli wa mlango mmoja pale Mtaa wa Livingstone wameliita lao "Bibi" kwa sababu hiyo.

Kuhusu nyuzi nitasema kidogo tu. Uzi wa pamba unaoza. Nailoni ina nguvu lakini jua linaila. Nyuzi za polista ndizo zinazovumilia jua letu. Na mishono isiwe ya karibu karibu. Fundi mgeni anadhani mishono midogo ni ustadi, kumbe kwenye turubai la plastiki anatoboa mstari wa matundu, siku ya pipa la kwanza linachanika kwa kufuata mstari huohuo. Naulegeza mshono, napitisha mara mbili, na chini ya mshono naweka ukanda wa turubai jingine.

Vishikio ndivyo vinavyokufa kwanza. Ukimshonea kuli vishikio ubavuni tu, wiki haiishi vimeng'oka na kipande cha turubai. Mkanda unatakiwa uanze kishikio cha upande huu, upite chini ya tumbo la godoro lote, utokee upande wa pili. Hapo anayeinua anainua godoro zima, hainui mshono.

Zipu siitaki. Zipu ya mgongoni inapasuka, zipu ya ubavuni inaingia mchanga, na Gerezani mchanga wetu una vumbi la chuma. Natumia ulimi mpana unaokunjwa chini na kufungwa kwa kamba, bila vifungo vya chuma, kwa kuwa chuma kinakwaruza rangi ya mtungi, na penye mkwaruzo ndipo kutu inapoanzia.

Kwa kitambaa chenyewe, turubai la lori lililokwisha kutumika kwa upande wa juu linatosha kama halijakakamaa. Gunia la katani lina ukali wa kuvumilia mikwaruzo kuliko vingi vinavyotoka nje, na ni la kwetu, ila likilowa mara kwa mara linaoza, kwa hiyo ni la ndani ya stoo tu. Kitako cha chini, kinachoburutwa, kiwe cha mpira: mkanda wa mashine wa zamani, au tairi la ndani la lori lililopasuliwa likanyooshwa. Mabango ya matangazo mnayoyaona yakiuzwa rahisi barabarani msiyachukue. Yanapendeza, yanazuia maji, lakini nyuzi zake ni nyembamba, kitako cha mtungi kinapita. Baada ya kila uchaguzi yanafurika, na nimeletewa godoro limevikwa uso wa mgombea akitabasamu, makuli wakaambiwa wamwangushie mitungi. Walikataa. Sijui ni heshima au ni hofu, lakini kazi ilisimama hadi lilipogeuzwa upande wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo sitakubali kulipita haraka, nalo ni oksijeni. Majirani zangu wachomeleaji wanaitumia kila siku. Mtungi wake unabeba gesi iliyoshindiliwa mara nyingi kuliko gesi ya kupikia, na oksijeni yenye msukumo huo ikikutana na oili au grisi inaweza kuwaka bila kiberiti. Sasa niambieni, godoro lililopokea mapipa ya oili mwezi mzima, kava lake linang'aa kwa mafuta, litumike kupokea mtungi wa oksijeni wenye valvu yake kichwani? Wapo waliokuja kwangu wakitaka kava moja la kazi zote mbili. Nawaambia nitawashonea mawili ya rangi mbali mbali au wasogee kwa fundi mwingine, na wengine kweli wamesogea. Tena nawaambia jambo ambalo linanipunguzia biashara. Mtungi wa oksijeni, na zaidi ule wa asetilini, hauangushwi, uwe na godoro usiwe nalo. Unateremshwa kwa mikono au kwa ubao, umesimama. Godoro pale ni la kuokoa mkono ulioteleza tu. Hata wa gesi ya kupikia, ukiniuliza mimi, ungestahili heshima hiyohiyo, na siku ambayo kila gari litakuwa na ngazi yake ya kushushia nitarudi kwenye siti za daladala bila kinyongo.

Na cheche. Sponji tupu inashika moto haraka na moshi wake ni sumu. Kuiweka wazi jirani na mtu anayechomelea geti ni kutafuta habari ya kuandikwa kwenye ukurasa wako wa mbele, Mhariri.

Nirudi kwenye pesa, kwa sababu huko ndiko ugomvi ulipo. Mwenye duka mmoja wa jumla, ambaye ni mteja wangu na bado tunasalimiana, alipoona bei ya kava alicheka. "Mama, nimeshanunua godoro, sasa na nguo tena? Hilo si bibi harusi." Bei yenyewe haifiki bei ya mtungi mmoja wa kilo 15 pamoja na gesi yake. Akasema kuli ndiye anayelitumia, basi kuli alinunue. Nikamuuliza, "Mwanangu, huyo kuli unamlipa kwa mwezi?" Hapana, anamlipa kwa mzigo. "Kesho atakuwa hapa?" Labda, labda atakuwa Ilala. Basi mtu ambaye kesho hajulikani alipo anunue kitu cha mita moja akitembeze mgongoni Kariakoo nzima?

Najua sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wapo kuisimamia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Vyote hivyo vinamtafuta mwajiri. Kuli wa mzigo mmoja mwajiri wake ni nani? Mwenye gari anasema ni mwenye mzigo, mwenye mzigo anasema ni mwenye stoo, mwenye stoo anasema hao wamejiajiri. Makuli wa bandari ya mji huuhuu waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na tena 1947, na angalau wao walikuwa na mlango mmoja wa kwenda kugonga. Hawa wa mitaani wana milango mia na yote imefungwa kwa maneno matamu.

Ndiyo maana nasema godoro na kava viwe vya mlango wa stoo. Gari linakuja na kuondoka, kuli anakuja na kuondoka, mlango hauondoki. Anayepokea mzigo ndiye awe na pa kuupokelea, kama anavyolazimika kuwa na kufuli na mizani. Tumezoea kudai mtungi upimwe mbele yetu kabla ya kulipa, na wauzaji wamezoea. Hili nalo watalizoea. Jumuiya ya wafanyabiashara wa mtaa inaweza kuamua kwa kikao kimoja: mlango usio na godoro lenye kava, gari halishushi. Haihitaji waziri.

Na mitungi inaongezeka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sehemu kubwa ya hiyo ni mitungi, na kila mtungi unashushwa garini, unapandishwa, unashushwa tena kwa wakala, unapandishwa kwenye guta, unashushwa kwa muuzaji wa mtaani, na unarudi mtupu kwa njia hiyohiyo. Kila kushushwa ni kitako kimoja kugonga kitu. Anayetaka mtungi unaosimama wima jikoni kwake afuate msururu huo wote, asiishie kwa kijana wa mwisho aliyemkuta akitokwa jasho.

Kwa walio na makava tayari, wasinisikie vibaya, nina neno nao pia. Kava lililoshonwa likafungwa moja kwa moja ni hatari kuliko kutokuwa na kava, kwa sababu linaficha maiti. Nje turubai linang'aa, ndani sponji imeshakuwa makapi, na kuli anaiamini. Kava lazima livulike. Livuliwe, liogeshwe kwa maji na sabuni, sponji ianikwe kivulini, na hapohapo ipimwe kwa goti. Piga goti katikati kwa uzito wako wote. Ukiisikia sakafu, hiyo sponji imekwisha, itoe. Ile ya mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, yenye madoadoa ya rangi rangi, inahimili kuliko ya kitandani, na chini yake ukilaza tabaka la mpira ule wa kandambili, ambao haunywi maji, umepata godoro la miaka. Kinachobadilishwa mara kwa mara kiwe kava. Ndicho cha bei ndogo, na kuchakaa ndiyo kazi yake.

Makuli wenyewe, kwa taarifa ya msomaji mwenzangu, ndio wateja wangu wagumu kuliko matajiri. Wao ndio walioniambia kishikio kipite chini ya tumbo. Wao ndio waliotaka ukingo wa kava uwe mweupe au wa kung'aa, kwa kuwa magari mengi yanashusha kabla hakujapambazuka na mtu aliye juu ya bodi lazima aone anapolenga. Kijana mmoja mwenye kidole gumba kimoja kibovu alinikalia kibandani hadi adhuhuri akinionyesha kwa mikono jinsi mtungi unavyozunguka ukitua kwa pembe, na kutokana na yeye nikaongeza tabaka la pili kwenye pembe zote nne. Hakuwa ananunua. Alikuwa amepita tu na ameona kazi mbaya. Huyo ndiye mzembe wa kutozwa faini?

Vipimo ninavyotumia si siri. Mafundi wenzangu wa Temeke, Tandika, Manzese, na hata nje ya Dar, wakitaka waje tuelekezane, nafasi ya kazi hii ni kubwa kuliko cherehani zetu zote. Waje asubuhi kabla jua halijapanda juu ya bati langu, na kila mmoja aje na karatasi yake ya kaki ya kunakilia. Ramani yangu nimeichora nyuma ya kalenda ya zamani na hiyo haitoki kibandani.

Wako,
Mama Makava,
Gerezani, Dar es Salaam